"Sikumwona": Nani Huwajibika Gari Linaporudi Nyuma Uani

Dereva aliyemgonga mtu akirudisha gari nyuma hutamka neno moja kabla hata hajamaliza kushuka: "Sikumwona." Mara nyingi anasema kweli tupu. Hakumwona mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira, wala bibi aliyekuwa akipita polepole nyuma ya buti. Majirani wanaokusanyika husikia utetezi, na wengi humwonea huruma. Mwanasheria wa madai akisikia neno hilohilo, husikia ungamo. Gari lilisogezwa kuelekea mahali ambapo aliyelishika usukani hakuwa amepaona.

Nimeandika makala haya kwa sababu kutoelewana huko kuhusu neno moja kumewanyima watu wengi haki yao. Familia hukubali kwamba "ilikuwa bahati mbaya", hulipa hospitali kwa fedha zao, na miezi kadhaa baadaye hugundua kwamba ulemavu umebaki ilhali ushahidi umeshapotea. Sheria ya madai haisubiri dereva awe na nia mbaya. Inauliza mambo machache tu: je, alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa aliyeumia? Alikiuka wajibu huo? Ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara? Katika ajali za kurudi nyuma, swali la kwanza halina ubishi. Vita vyote hupiganwa kwenye la pili, na hapo swali linalomkabili dereva si kama alimwona mtu. Ni kwamba alifanya nini ili amwone.

Gari limeundwa liende mbele. Ukiwa umeketi, ukingo wa chini wa kioo cha nyuma uko juu kuliko kichwa cha mtoto wa miaka miwili, na nyuma ya bampa kuna eneo ambalo hakuna kioo kinacholifikia, si cha ndani wala vya pembeni. Gari likiwa refu na zito, eneo hilo huongezeka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipokuwa ikiandaa kanuni ya kamera za nyuma mwaka 2014, ilikadiria kwamba ajali za kumgonga mtu kwa kurudi nyuma zilikuwa zikiua wastani wa watu 210 kwa mwaka nchini humo na kujeruhi 15,000. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 31 ya waliokufa. Wenye miaka 70 na zaidi, asilimia 26. Yaani zaidi ya nusu ya vifo viliangukia wale wasioweza kuruka pembeni.

Mwendo mdogo nao hudanganya. Gari linalorudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa huonekana kama linatambaa, lakini linakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kushtuka na kukanyaga breki: tairi zimeshapita zaidi ya mita mbili. Kwa kilomita 10 kwa saa, zimepita mita nne. Ndiyo maana hoja ya "nilikuwa naenda polepole" haimwokoi dereva peke yake. Polepole ina maana tu ikiwa ni polepole kiasi cha kuweza kusimama ndani ya umbali anaouona.

Nchi kadhaa zimeuandika wajibu huu waziwazi. Kanuni za barabarani za Ujerumani zinamtaka anayerudi nyuma aendeshe kwa namna ambayo haitamhatarisha mtu yeyote, na ikibidi atafute mtu wa kumwongoza. Sharti hilohilo linamkabili anayetoka kwenye kiwanja kuingia barabarani. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinashauri kwamba anayetumia njia ya kuingilia nyumbani aingie kwa kurudi nyuma na atoke akitazama mbele, akiweza. Ushauri huo ni mdogo, lakini una uzito mahakamani. Mwenye kuegesha hivyo hufanya kazi ngumu ya kurudi nyuma akiwa ndiyo kwanza amepita mahali hapo na kuona kama pana mtu. Anayeingia mbele na kutoka kinyumenyume asubuhi hana habari ni nani amefika nyuma ya gari usiku kucha.

Kuhusu mtu wa kuongoza, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Yule anayesimama nyuma akipunga mkono na kuita "njoo, njoo, njoo" anaweza naye kubebeshwa sehemu ya lawama, maana amechukua kazi ambayo wengine wanaitegemea. Hata hivyo dereva habaki huru. Akimpoteza mwongozaji wake kwenye kioo, anapaswa kusimama. Kuendelea kurudi kwa kuamini kwamba kimya maana yake ni salama, huo ni uzembe wake mwenyewe.

Mzigo kwa kamera

Mwaka 2002 katika jimbo la New York, mtoto wa miaka miwili aligongwa na kufa mbele ya nyumba yao. Aliyekuwa akilirudisha gari ni baba yake mzazi. Familia hiyo na nyingine zilizopatwa na msiba kama huo zilipigania sheria, na Februari 2008 ikatiwa saini ikiwa na jina la mtoto huyo. Ilichukua miaka mingine kumi kabla haijazaa matunda kikamilifu: tangu Mei 2018, kila gari jipya la abiria nchini Marekani lazima lionyeshe nyuma eneo la upana wa takriban mita 3 na urefu wa mita 6, na picha itokee ndani ya sekunde mbili tangu gia ya rivasi iingie. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2024, unataka magari yote mapya yawe na chombo cha kutambua watu na vitu vilivyo nyuma.

Kwa majeruhi, teknolojia hii imebadilisha hoja. Zamani dereva angeweza kusema kwamba hakuna binadamu angeweza kuona pale. Sasa, ikiwa kamera ilikuwepo na inafanya kazi, amepoteza kisingizio hicho, na atakayesema hakuitazama amejimaliza. Kama ilikuwa imeharibika na alijua, alipaswa kushuka na kuzunguka gari kwa miguu. Kama ilizimika ghafla kwa kasoro ya kiwandani, mlango mwingine unafunguka: dai dhidi ya mtengenezaji. Kamera za nyuma zimewahi kuwa sababu ya magari kurudishwa kiwandani mara nyingi, kwa hiyo kabla ya kuridhika na bima ya dereva ni vyema kuangalia kama aina ile ya gari ilishatangazwa kuwa na hitilafu. Upande wa pili ni kwamba kamera haiondoi wajibu wa kugeuza shingo. Inaonyesha kilicho nyuma; haionyeshi vizuri anayekuja mbio kutoka pembeni, na tone la tope hulifunika jicho lake lote.

Lawama haikomei kwa aliyeshika usukani. Ikiwa alikuwa kazini, akipeleka mizigo kwa mfano, mwajiri hujibu kwa makosa ya mfanyakazi aliyoyafanya ndani ya kazi yake. Mwenye gari aliyemwazima mtu asiyejua kuendesha anaweza kuulizwa kwa nini alimpa funguo. Mwenye nyumba aliyeacha ua wa miti ukue hadi ukaziba mtazamo wa njia ya waenda kwa miguu naye anaweza kuvutwa ndani. Na kuna nchi ambazo hazihangaiki kutafuta kosa. Ujerumani, yule anayelimiliki na kulitumia gari huwajibika kwa madhara yatokanayo na gari hilo hata bila uzembe kuthibitishwa, na mbele ya mwenda kwa miguu hujinasua kwa sababu moja tu, janga lililo nje kabisa ya uwezo wa binadamu.

"Mbona mtoto aliachwa peke yake?"

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na kampuni za bima hulijua. Mwakilishi wa bima huliuliza kwa upole, mama akiwa bado hajalala siku tatu, na jibu lake huandikwa. Kwa hiyo inafaa kueleweka vizuri.

Kuna mambo mawili hapa ambayo huchanganywa makusudi. Moja ni uzembe wa aliyeumia mwenyewe. Mtu mzima aliyeketi nyuma ya gari linalonguruma akitazama simu anaweza kupunguziwa fidia kwa kadiri ya mchango wake: kama mahakama itasema amechangia robo, atapata robo tatu. Mifumo mingi hufuata hesabu hiyo ya kugawana. Mingine ni mikali zaidi. Yapo majimbo ya Marekani yanayomnyima mtu fidia yote akionekana kuchangia nusu au zaidi, na machache, kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, yameshikilia kanuni ya kale kwamba mchango wowote wa kosa, hata mdogo, unaweza kulifuta dai zima.

Lakini mtoto mdogo hapimwi kwa kipimo hicho. Ujerumani, mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hawezi kulaumiwa kwa ajali iliyohusisha gari, isipokuwa kama alisababisha madhara kwa kukusudia. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985. Mwenda kwa miguu mwenye umri chini ya miaka 16 au zaidi ya 70, au mwenye ulemavu wa asilimia 80 na kuendelea, hulipwa kwa majeraha ya mwili wake hata kama alikosea vibaya, labda tu athibitike kwamba aliyatafuta madhara hayo mwenyewe. Majimbo kadhaa ya Marekani yana kanuni ya miaka saba: chini ya hapo, mtoto huhesabiwa kuwa hawezi kufanya uzembe. Naiona sheria ya Ufaransa kuwa ya haki kuliko zote. Imekubali ukweli ulio wazi, kwamba mwenye chombo cha tani moja na nusu ndiye anayeleta hatari mahali hapo, naye ndiye mwenye bima.

Jambo la pili ni uzembe wa mzazi. Hata kama kweli mama aliuacha mlango wazi, kosa lake si kosa la mtoto. Katika sheria ya Uingereza na nyingi zilizotokana nayo, uzembe wa mzazi haubandikwi kwa mtoto, na fidia ya mtoto haipunguzwi kwa sababu yake. Bima inaweza kujaribu kumfuata mzazi ili achangie malipo, ambalo ni shauri jingine. Kwa hiyo mzazi akiambiwa, "Na wewe ulikosea, kwa hiyo tutalipa nusu," aombe maelezo hayo kwa maandishi na ayapeleke kwa wakili kabla ya kuitikia kwa kichwa.

Ua si nje ya sheria

Watu wengi huamini kwamba yaliyotokea ndani ya geti ni ya nyumbani. Wajibu wa uangalifu hausimami getini. Kinachobadilika ndani ya geti ni mambo mawili mengine: makosa ya jinai ya barabarani, ambayo mara nyingi yameandikwa kwa ajili ya barabara na mahali pa umma, na bima ya lazima.

Suala la bima lilifika mbali kupitia ajali moja ya shambani. Agosti 2007 nchini Slovenia, trekta lenye tela lilikuwa likirudi nyuma ndani ya ua, watu wakipakia majani makavu ghalani. Tela likaigonga ngazi, na mfanyakazi aliyekuwa juu yake akaanguka. Mahakama za nchini mwake zilimkatalia fidia ya bima, zikisema trekta lilikuwa likitumika kama mashine na si kama chombo cha usafiri. Tarehe 4 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kinyume: bima ya lazima inagusa matumizi yoyote yanayolingana na kazi ya kawaida ya chombo, na ua wa shamba haukulitoa trekta kwenye ulinzi huo. Uingereza, baada ya kujitoa katika Umoja huo, ilipitisha sheria mwaka 2022 kuuondoa uamuzi huu na kubaki na lugha ya sheria yake ya 1988 kama ilivyorekebishwa baadaye, inayolazimisha bima kwa barabara au mahali pengine pa umma.

Kwa majeruhi maana yake ni kwamba asikubali kuambiwa mdomoni tu kwamba "bima haihusu uani". Zipo bima zinazolinda hata kwenye kiwanja binafsi kwa sababu mkataba wenyewe unasema hivyo, ingawa sheria haikulazimisha. Na bima ya gari ikikataa, kuna nchi ambamo bima ya nyumba ya mwenye kiwanja inaweza kuulizwa. Aombe nakala ya mkataba, kisha asome kimoja kimoja vipengele vinavyotaja mambo ambayo bima haiyalipi.

Aliyegonga ni wa kwetu

Sasa tufike mahali pagumu. Ajali nyingi za namna hii hazitokani na mgeni. Ni baba, shangazi, kaka, au jirani anayekula nyumbani. Nani atamshtaki babake? Ndugu wanaona kudai ni kuongeza msiba juu ya msiba, na dereva mwenyewe amekwisha kujihukumu kuliko hakimu yeyote.

Naheshimu uchungu huo. Lakini mtoto aliyebaki na mguu usiokua sawasawa atahitaji upasuaji tena na tena hadi amalize kurefuka, na mtu wa kugharimia hayo tayari alishalipwa: ni bima, iliyopokea malipo yake kila mwaka kwa ajili ya siku kama hiyo. Dai dhidi ya baba, kwa maana ya fedha, ni dai dhidi ya bima ya baba. Umoja wa Ulaya uliliona hili mapema. Agizo lake la Desemba 1983 lilikataza watu wa familia ya mwenye bima kunyimwa fidia ya majeraha ya mwili kwa sababu tu ya undugu. Marekani hadithi ni ndefu zaidi. Mwaka 1891 mahakama ya juu ya Mississippi iliweka kanuni kwamba mtoto hawezi kumdai mzazi wake, na majimbo mengi yakaiga. Mwaka 1963 Wisconsin ikaanza kuivunja, na mengine yakafuata. Hata hivyo bado kuna mikataba ya bima yenye kipengele kinachowatenga wanaoishi nyumba moja na mwenye bima, na uhalali wake hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Vipi kuhusu yule aliyeona? Mwaka 1952 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza shauri la mama aliyekuwa dirishani ghorofani, takriban mita 70 kutoka mahali ambapo teksi ilirudi nyuma na kuigonga baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Alisikia ukelele wake, akaona baiskeli chini ya gari. Mshtuko ulimpata, lakini mahakama ikamnyima fidia, kwa hoja kwamba dereva asingeweza kutazamia madhara kwa mtu aliye mbali vile. Leo uamuzi huo unasomeka kama wa enzi nyingine. Mwaka 1982 mahakama ya juu zaidi ya nchi hiyo ilimpa haki mama aliyewakuta mume na watoto wake hospitalini, muda wa saa mbili baada ya ajali ya barabarani, na mwaka 1991 ikafafanua masharti: awepo mapenzi ya karibu na aliyeumia, ukaribu wa muda na mahali, na kuona au kusikia tukio mwenyewe badala ya kuambiwa. California ilikuwa imeshamfungulia mlango mama aliyeona mwanawe akigongwa tangu 1968. Kwa hiyo mzazi asiyelala tena usiku ana sababu ya kumwona daktari na kuacha kumbukumbu iandikwe, kwa afya yake kwanza, na kwa dai lake pia.

Gari kwa gari

Hapa mambo ni mepesi. Anayetoka uani kinyumenyume kuingia barabarani anapaswa kumpisha aliyeko barabarani na kila apitaye kwenye njia ya miguu, na wengi huanza na dhana kwamba kosa ni lake. Dhana hiyo hutikisika kama aliyekuwa barabarani alikuwa kasi kupita kiasi, hakuwasha taa gizani, au alikuwa upande usio wake. Wawili wakirudi nyuma kwa pamoja na kugongana, kwa kawaida hugawana.

Kinachopotea kwanza

Dereva kutoshtakiwa na polisi hakulizimi dai la fidia. Jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka ya maana; madai hupimwa kwa mizani ya lipi lina uwezekano zaidi. Dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo humsaidia majeruhi. Asiposhtakiwa, majeruhi bado ana njia yake.

Fidia yenyewe hujumuisha matibabu yaliyopita na yajayo, kipato kilichopotea, maumivu, vifaa na marekebisho ya nyumba, na jambo linalosahaulika sana: thamani ya uuguzi uliofanywa na ndugu bila malipo. Mtu akifa, waliokuwa wakimtegemea wana dai lao. Dereva akiwa hana bima au akitoroka, nchi nyingi zina mfuko wa fidia. Wa Uingereza ulianzishwa mwaka 1946, na kila nchi ya Umoja wa Ulaya inalazimika kuwa na chombo cha namna hiyo.

Hatari kubwa ni hati inayokuja mapema, yenye kiasi kidogo cha fedha na maneno kwamba mpokeaji hatadai tena chochote. Mfupa wa mtoto uliovunjika karibu na ncha yake ya ukuaji unaweza kuonekana umepona, kisha mguu mmoja ukaachwa nyuma na mwingine miaka mitatu baadaye. Kwa sababu hiyo, mahakama za Uingereza na za majimbo mengi ya Marekani hutaka makubaliano ya mtoto yapitiwe na jaji. Mzazi asitie saini kabla ya daktari wa mifupa kusema hali imetulia.

Muda wa kufungua shauri haufanani popote. Uingereza ni miaka mitatu kwa majeraha ya mwili, lakini kwa mtoto saa huanza kuhesabu akitimiza miaka 18, hivyo aliyegongwa akiwa na miaka mitatu anaweza kudai hadi siku ya kutimiza miaka 21. Ushahidi haungoji hivyo. Kamera ya getini ya jirani hufuta picha zake za zamani na kurekodi juu yake, mara nyingi ndani ya siku chache au wiki chache. Alama za tairi hufagiliwa kesho yake asubuhi. Gari hupelekwa gereji, na kumbukumbu iliyo ndani ya kompyuta yake, ya mwendo na breki, inaweza kwenda nayo. Barua fupi kwa jirani, kwa dereva na kwa bima, ikiwataka wahifadhi picha na gari lilivyo, inaweza kuandikwa na shangazi au rafiki yeyote wa familia siku hiyohiyo, wazazi wakiwa bado hospitalini.